Ishara na Maumivu: Jagadish Chandra Bose na Swali la Nafsi ya Mimea

Swali la kama mmea una nafsi, na kama unayo basi ni nafsi ya namna gani, ni la zamani kuliko maabara yoyote. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kitabu kizima kuhusu nafsi na kuzipanga nafsi katika ngazi tatu: nafsi ya mimea, ambayo kazi yake ni kujilisha, kukua na kuzaa, nafsi ya wanyama, ambayo juu ya hayo ina uwezo wa kuhisi na kujisogeza, na nafsi ya binadamu, ambayo juu ya yote ina akili. Mpangilio huo ulipokewa na wanafalsafa wa Kiislamu, hasa Ibn Sina (980–1037), na kupitia kwao na kupitia wanateolojia wa Kikristo wa zama za kati ukazoeleka hata ukaonekana kuwa jambo lisilohitaji kutetewa: mmea huishi lakini hauhisi, mnyama huishi na huhisi. Mpaka huo ulikuwa na uzito wa kimaadili pia, kwa kuwa kisichohisi hakiwezi kudhulumiwa kwa maana ile ambayo punda au mtoto hudhulumiwa. Aliyekuja kuutikisa kwa vipimo, ilhali wengine waliutikisa kwa hoja tu, alikuwa mwanafizikia wa Bengal.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa mwaka 1858 huko Mymensingh, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na baada ya masomo ya Calcutta na Cambridge alirudi nyumbani mwaka 1885 kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, ambako mwalimu Mhindi alilipwa pungufu ya mwalimu Mzungu kwa kazi ile ile. Bose aliikataa mishahara hiyo kwa miaka mitatu huku akiendelea kufundisha, jambo linalofaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba alikuwa mkaidi mbele ya wakubwa wa sayansi wa London. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na mawimbi ya redio, aliyoyatoa na kuyapokea kwa vifaa vilivyoundwa Calcutta yakiwa na urefu wa milimita chache tu. Katika kazi hiyo aliona jambo ambalo mwanafizikia mwingine pengine angelipuuza: vipokezi vyake vya madini vilichoka. Vikitumika mfululizo vilipungukiwa na wepesi, na vikipumzishwa vilirejewa na nguvu, na mistari iliyochorwa kuonyesha kuchoka huko ilifanana mno na ile ambayo wanafiziolojia, yaani wanasayansi wa utendaji kazi wa miili, waliichora kwa msuli wa chura.

Hapo ndipo alipoacha njia ya fizikia. Kama bati na msuli vinatoa mchoro mmoja, alijiuliza, mmea uliosimama katikati yake utatoa mchoro gani? Alichukua majani na mashina ya mimea ya kawaida, isiyojulikana kwa kujisogeza hata kidogo, akaunganisha nyaya na galvanomita, yaani chombo kinachopima mkondo mdogo wa umeme, kisha akapiga au kukunja sehemu moja ya mmea. Sindano ilicheza. Mmea uliopewa sumu ulidhoofika na kunyamaza, na uliopashwa moto hadi karibu na nyuzi 60 za Selsiasi ulitoa mshtuko mmoja wa mwisho ambao Bose aliuita dalili ya kifo. Mwitikio, kwa maana aliyoitumia yeye, ni badiliko linalotokea katika kitu baada ya kuguswa na kichocheo, na kwa maana hiyo hakuona sababu ya kuuwekea ukuta kati ya mnyama na mmea, au hata kati ya chenye uhai na kisicho nacho.

Mwezi Juni 1901 aliyapeleka matokeo hayo mbele ya Royal Society ya London. Aliyempinga alikuwa Sir John Burdon-Sanderson, kiongozi wa wanafiziolojia wa Uingereza wa wakati ule, na kejeli ya jambo lenyewe ni kwamba Burdon-Sanderson ndiye aliyekuwa amepima, mwaka 1873, kwa kuchochewa na Charles Darwin, msukumo wa umeme katika Dionaea, mmea wa Carolina unaonasa nzi kwa majani yake. Alikubali umeme katika mmea unaojisogeza. Hakukubali kwamba mmea wa kawaida nao unao. Patrick Geddes, aliyeandika wasifu wa Bose mwaka 1920, anasimulia kwamba mzee huyo alimshauri mgeni wake arudi kwenye fizikia yake na abadilishe kichwa cha makala ili isionekane kwamba mimea huitikia. Bose hakubadilisha neno, na makala ikawekwa kabatini. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu mwitikio wa vyenye uhai na visivyo na uhai, vikafuata vingine vikubwa kuhusu mimea, hadi kile cha 1926 kuhusu mfumo wa neva wa mimea. Royal Society yenyewe ilimpokea kuwa mwanachama wake mwaka 1920.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama hadithi ya mnyonge aliyeshinda, na wengi nchini India wameisoma hivyo, tena kwa haki. Lakini kwa swali la nafsi, ushindi huo ni wa nusu. Bose alikuwa na haki katika kile alichokipima. Alichokosea, au kwa uchache alichokidai bila dhamana ya kutosha, ni hatua iliyofuata, na hatua hiyo inahitaji kuangaliwa kwa karibu kupitia mmea aliousoma kuliko yote.

Mmea huo ni ule unaoitwa kifauongo, ambao asili yake ni Amerika ya kitropiki na ambao leo unatambaa kando ya njia katika nchi nyingi za joto, ukiwa na maua ya mviringo ya rangi ya zambarau nyepesi na vijiba vinavyochoma vidole vya watoto wanaouchezea. Kijani kimoja cha ncha kikiguswa kwa kiberiti kilichowashwa, hujikunja pamoja na mwenzake wa upande wa pili, kisha jozi inayofuata, kisha inayofuata, hadi wimbi lifike chini ya jani. Baada ya kituo kifupi kikonyo kizima huanguka kama mkono uliokatika nguvu, na ishara ikiwa kali hupanda na kushuka shinani hadi majani ya jirani ambayo hayakuguswa. Kinachojikunja ni kifundo kilichovimba kwenye kila kiungo. Seli za upande mmoja wa kifundo hicho, zikifikiwa na msukumo wa umeme, huachia chembe za potasiamu na kloridi zenye chaji, maji huzifuata chembe hizo nje, seli hunywea, na jani huanguka kwa sababu upande ulioliegemeza umelegea. Katika kikonyo ishara hiyo husafiri sentimita mbili au tatu kwa sekunde, ilhali katika neva za haraka za binadamu mwendo huzidi mita 100 kwa sekunde. Baada ya robo saa hivi maji yamerudi na jani limenyooka.

Bose alionyesha kwamba ishara hiyo hupungua kasi ikipozwa na husimama ikipita mahali palipotiwa baridi kali au sumu, kama inavyokuwa kwa neva ya chura, akahitimisha kwamba mmea una neva. Mwaka 1916 mwanabotania Mwitalia, Ubaldo Ricca, alikata shina la mmea wa jamii hiyo hiyo, akaviunganisha vipande viwili kwa mrija wenye maji, na ishara ikavuka. Neva haivuki maji. Kumbe kilichopita, angalau katika jeraha kubwa, kilikuwa dutu iliyotoka kwenye seli zilizoumia na kubebwa na maji ya mmea. Utafiti wa baadaye umewapa wote wawili sehemu ya haki: kuna umeme, kuna kemia, kuna na shinikizo la maji, na vyote vitatu hushirikiana. Jambo ambalo halijapatikana katika mmea wowote ni neva, yaani seli ya pekee iliyoumbwa kwa ajili ya kupeleka ishara hadi kwenye kituo kinachozikusanya. Na kituo chenyewe, ubongo au hata fundo la neva kama lile la mdudu, hakipo.

Hata hivyo mfanano umezidi kuwa wa kina kuliko Bose alivyoweza kuota. Mwaka 2013 kundi la Edward Farmer huko Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwamba jani la mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wa jamii moja na kabichi na haradali, likijeruhiwa hupeleka ishara ya umeme kwa majani mengine kupitia jeni zinazofanana na zile zinazounda vipokezi vya glutamati katika ubongo wa wanyama. Miaka mitano baadaye Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao waliiweka ishara hiyo machoni: walitumia mimea yenye protini inayong'aa kila kalisi inapoongezeka ndani ya seli, wakamwachia kiwavi atafune jani, na mwanga ukaonekana ukisambaa kutoka kwenye jeraha, milimita moja hivi kwa sekunde, hadi majani ya mbali, ambayo yalianza kutengeneza kemikali za kujikinga kabla kiwavi hajayafikia. Kilichowasha yote hayo ni glutamati, ambayo katika ubongo wa binadamu ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha neva na ambayo, kwa kweli, ndiyo pia inayoipa nyanya iliyoiva utamu wake wa mchuzi.

Mfanano wa namna hii humshawishi msomaji aseme: jeraha ni lile lile, mjumbe ni yule yule, ishara inasafiri ile ile, basi na maumivu yapo. Hoja hiyo ina kasoro moja ambayo wingi wa majaribio hauiponyi. Glutamati ni tindikali ya amino iliyo kongwe kuliko mimea na wanyama wote; ilikuwamo katika seli kabla ya kuwako kiumbe chochote chenye ubongo, na uumbaji, kama mtu apendavyo kuuita, ama mageuzi ya viumbe, hutumia malighafi iliyopo kwa kazi zilizo mbalimbali. Kuwepo kwa mjumbe hakuonyeshi yuko nani upande wa pili anayepokea ujumbe.

Wanaosoma maumivu hutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni utambuzi wa madhara, yaani mchakato wa neva unaopokea dalili za mwili kuharibiwa na kuzipeleka mbele. La pili ni maumivu yenyewe, yaani hali mbaya anayoiishi mwenye mwili huo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu, liliporekebisha maelezo yake mwaka 2020, lilisisitiza kwamba mambo hayo mawili hayalingani, na kwamba maumivu hayawezi kukisiwa kutokana na kazi ya neva peke yake. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyetiwa nusukaputi akikatwa, neva zake huendelea kupeleka ishara kutoka kwenye kisu, moyo waweza kuongeza mapigo na shinikizo la damu likapanda, na bado hakuna anayeumia, kwa sababu yule ambaye ingemhusu hayupo kwa muda. Ikiwa katika mwili wa binadamu mwenyewe ishara na maumivu vinaweza kuachana, ishara katika kabichi haiwezi kuwa hati ya maumivu ya kabichi.

Nusukaputi imetumiwa pia kwa upande wa pili wa hoja. Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1878, alikifukizia kifauongo mvuke wa etha na kukuta hakijikunji tena kinapoguswa, kisha kikiondolewa mvuke kinarudia hali yake. Akaona katika jambo hilo sifa moja inayoviunganisha vyote vyenye uhai, uwezo wa kuhisi, ambao kwake haukulazimu fahamu. Waliokuja baada yake, wasio waangalifu kama yeye, wamesema kwamba kinachotiwa usingizi lazima kilikuwa macho. Lakini etha huathiri utando wa seli na milango ya chembe zenye chaji popote ilipo, na kuzima taa ya mmea hakuthibitishi kwamba kulikuwa na mtu anayesoma kwa taa hiyo.

Pamoja na hayo, haifai kuficha udhaifu wa upande unaokana maumivu ya mimea. Hakuna chombo kinachoisoma hali anayoiishi mwingine moja kwa moja, iwe ya samaki, iwe ya jirani. Kinachobaki ni dalili, na dalili hupimwa kwa kuuliza kama kiumbe anafanya mambo ambayo ishara tupu isingeyafanya. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba samaki aina ya trauti, wakidungwa tindikali mdomoni, huacha kula na kuisugua midomo yao kwenye kokoto, na kwamba mofini hupunguza tabia hiyo. Kwa pweza ushahidi ni wa kina zaidi: katika majaribio ya Robyn Crook yaliyochapishwa 2021, pweza aliyedungwa tindikali alikikwepa chumba alichodungiwa hata kama hapo awali alikipenda, akakipendelea kile kilichohusishwa na dawa ya ganzi, na akaing'ata ngozi mahali palipodungwa. Kukumbuka mahali, kubadilisha upendeleo, kuhudumia jeraha na kuchagua nafuu ni mambo yanayoelekea kuhitaji mtu wa ndani, japo mtu mdogo. Kwa mmea, dalili za aina hiyo hazijaonekana. Kiwavi anapotafuna, jani hujikinga kwa utaratibu uliopangwa, na nyasi zinazoliwa na ng'ombe huota tena kutoka chini kwa sababu sehemu ya kukua imewekwa mahali meno hayafiki. Kiumbe asiyeweza kukimbia amejengwa kupoteza sehemu zake bila kupotea.

Madai ya Cleve Backster, mtaalamu wa Marekani wa mashine za kutambua uongo ambaye mwaka 1966 aliunganisha mashine yake na mmea wa dracaena na kutangaza kwamba mmea umesoma nia yake ya kuuchoma, hayastahili nafasi kubwa. Wanasayansi waliojaribu kuyarudia kwa udhibiti mzuri, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1975, hawakukuta kitu. Yanatajwa hapa kwa sababu mara nyingi husambazwa pamoja na jina la Bose, na Bose, pamoja na makosa yake, alikuwa mpimaji wa aina nyingine kabisa.

Linalobaki ni upande wa dini, na huo una utajiri zaidi kuliko watetezi wa mimea wanavyodhani. Wajaini, ambao mahekalu yao yako Mombasa na Nairobi pamoja na India, wamefundisha kwa zaidi ya miaka 2,000 kwamba mimea ni miongoni mwa viumbe wenye hisi moja tu, ya mguso. Ndiyo maana washika dini hawali viazi, vitunguu wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na uhai mwingi unaoaminika kukaa ndani yake. Qur'ani, katika aya ya 44 ya sura ya Al-Isra, inaeleza kwamba hakuna kitu kisichomtukuza Mungu, ila binadamu hawafahamu utukuzaji huo, na Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari inasimulia shina la mtende lililolia Mtume alipoacha kuliegemea na kuhamia mimbari mpya. Biblia kwa upande wake huweka uhai wa kiumbe katika damu, kama isemavyo Mambo ya Walawi, na katika Mwanzo mimea hutolewa kuwa chakula cha binadamu na wanyama.

Mafundisho hayo hayaafikiani, na si lazima yaafikiane. Lakini hakuna hata moja linalotegemea sindano ya galvanomita. Wafasiri wa Kiislamu wenyewe walikwisha kutofautiana karne nyingi zilizopita kama tasbihi ya mawe na miti ni usemi halisi au ni usemi wa hali, yaani jinsi kuwepo kwa kitu kunavyomshuhudia aliyekiumba. Fakhr al-Din al-Razi alielekea maana ya pili, na wengine wengi wakashikilia ya kwanza, na hakuna aliyengoja kipimo cha umeme. Mjaini hajizuii kula kiazi kwa sababu kiazi kimepatikana na vipokezi vya glutamati. Bose, aliyelelewa katika Brahmo Samaj, harakati ya mageuzi ya Kihindu iliyosisitiza Mungu mmoja, aliifungua taasisi yake ya Calcutta tarehe 30 Novemba 1917 akiiita hekalu pamoja na kuwa maabara, na humo aliona vipimo vyake vikithibitisha umoja wa vyote uliofundishwa na wahenga wa India. Hapo ndipo alipoikosea sayansi na dini kwa pamoja. Sayansi aliibebesha hitimisho ambalo vipimo havikuwa nalo, na imani, ambayo ilikuwa imesimama kwa miguu yake, akaitegemeza kwenye matokeo ambayo Mwitalia mmoja mwenye mrija wa maji angeweza kuyatikisa.

Kuna matumizi mengine ya hoja hii, ya kila siku na yasiyo na unyoofu. Anayeambiwa kwamba kuku hudhulumiwa katika vizimba hujibu kwamba hata mchicha huumia, kwa hiyo hakuna tofauti, na mazungumzo hukomea hapo. Hata kama dai lake lingekuwa la kweli, lingemhukumu yeye mwenyewe, kwa sababu kuku na ng'ombe hulishwa mimea mingi kuliko ile ambayo binadamu angeila moja kwa moja. Na dai si la kweli kwa ushahidi uliopo. Msitu unaweza kuwa na heshima yake kama amana, kama makao ya viumbe wengine, kama kazi ya Muumba, na anayeukata ovyo anaweza kuwa mkosaji mkubwa. Kosa lake halihitaji kuitwa kuumiza mti.

Sheria imeanza kuitambua tofauti kati ya kiumbe anayehisi na asiyehisi, kwa mwendo wake wa taratibu. Mwezi Aprili 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoitaka serikali ijali hisia za wanyama inapotunga sera, na baada ya kupitia mamia ya tafiti ikawaingiza humo, pamoja na wanyama wote wenye uti wa mgongo, kamba, kaa na pweza. Hakuna mmea uliotajwa, na kwa ushahidi uliopo leo hakuna unaostahili kutajwa. Ila pweza anayechomwa mshale mwambani wakati wa maji kupwa anastahili kifo cha haraka, na hilo ni deni ambalo mchicha haumdai mtu.